Bei ya Nyonga Moja Mpakani

Kipimo cha uchambuzi huu ni shilingi 25,000 za Uganda. Hicho ndicho kiasi ambacho mzee hulipwa kwa mwezi na serikali ya Uganda kupitia SAGE, mpango ulioanza mwaka 2010 katika wilaya chache na kusambazwa nchi nzima mwaka wa fedha 2020/21, ila kwa waliotimiza miaka 80. Dola haimwambii mengi mtu wa Mwello, na mabilioni ya bajeti ya Kampala yanamwambia machache zaidi. Mwezi mmoja wa SAGE anaujua. Anajua unanunua nini na unaishia wapi.

Mwello ni sehemu ya Budama Magharibi, wilayani Tororo, nchi ya Wajopadhola. Ukiteremka kuelekea mpakani unafika Busia, mji wenye jina moja na serikali mbili. Mpaka huo ni matokeo ya uamuzi wa Waingereza wa mwaka 1902 wa kuuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na tangu hapo Wasamia na Wateso wamekuwa na wajomba upande mmoja na shangazi upande wa pili. Kwa mada yetu hilo lina maana moja ya kifedha: mfupa ule ule ukivunjika, bei yake inategemea umevunjikia ng'ambo ipi.

Mzee wa Kenya huingia katika Inua Jamii akiwa na miaka 70, na kiwango chake ni shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi moja ya Kenya kwa 28 za Uganda, hiyo ni 56,000. Tuchukue dada wawili wa Kisamia waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja akaolewa Kenya, mwingine akabaki Uganda. Wakifika miaka 80, yule wa Kenya, kwenye karatasi, ameshapokea KSh 240,000, yaani milioni 6.72 za Uganda, kabla dada yake hajagusa shilingi ya kwanza. Wa Uganda angelazimika kuishi hadi miaka 102 ili kuifikia pesa hiyo. Nasema kwenye karatasi kwa makusudi. Malipo huchelewa pande zote mbili, na upande wa Uganda kosa la mwaka wa kuzaliwa kwenye ndaga muntu, kitambulisho cha taifa, limewafungia nje wazee ambao kijiji kizima kinajua walishapita 80.

Sasa mmoja wao ateleze.

Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo 684,000 kila mwaka vinavyotokana na kuanguka. Miongoni mwa ajali, ni za barabarani tu zinazoua watu wengi zaidi. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaokufa zaidi ni waliopita miaka 60. Maanguko mengine milioni 37.3 kwa mwaka hayaui, lakini yanahitaji matibabu. Marekani peke yake ilitumia kama dola bilioni 80 mwaka 2020 kutibu wazee walioanguka bila kufa. Mwaka huo pato zima la taifa la Uganda halikufika dola bilioni 40.

Namba za namna hiyo hutisha bila kufundisha. Tuzishushe hadi mpakani.

Sensa ya Uganda ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, na asilimia 5 kati yao walikuwa na miaka 60 au zaidi. Tororo ilikuwa na watu 517,080 katika sensa ya 2014, na Busia ya Uganda 323,662. Kaunti ya Busia, Kenya, ilikuwa na watu 893,681 mwaka 2019, na kwa Kenya nzima wa miaka 60 na zaidi walikaribia asilimia 6. Ukizidisha, unapata wazee 25,000 na ushei Tororo, 16,000 Busia ya Uganda na kama 50,000 ng'ambo. Jumla, kwa namba nzima inayobebeka kichwani, ni 90,000. Ni kadirio la chini, kwa kuwa watu wameongezeka tangu sensa hizo mbili za zamani.

Katika watu wa miaka 65 na zaidi, asilimia 28 hadi 35 huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Tushike 30. Na katika kila maanguko 100 ya wazee, kwa kawaida matano huvunja mfupa, na moja kati ya hayo matano huvunja nyonga. Wazee 90,000, basi, wanatupa walioanguka 27,000, mifupa 1,350 na nyonga 270 kwa mwaka mmoja.

Hapa msomaji mkali atanikatiza, na ana haki. Viwango hivi vimetoka nchi tajiri, na Afrika ina historia yake. Mwaka 1968 daktari Louis Solomon wa Johannesburg alichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba Waafrika wa mji ule walivunjika shingo ya fupa la paja kwa nadra mno wakilinganishwa na Wazungu. Mwaka 1996 watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya Gambia waliwakuta akina mama wazee wenye madini machache mifupani kuliko wenzao wa Uingereza, na bado waliovunjika walikuwa wachache. Sababu zinazotajwa ni nyingi: umbo la nyonga, kazi ya miguu na jembe hadi uzeeni, na kwamba waliofika miaka 85, umri ambao nyonga huvunjika kwa wingi, walikuwa wachache mno. Kuna nyingine isiyopendeza. Hesabu kama ya Johannesburg ni ya wagonjwa waliofika hospitali. Bibi aliyevunjika nyonga akalazwa kwenye mkeka hadi akafa kwa homa ya mapafu haingii katika daftari la mifupa. Anaandikwa mzee aliyekufa kwa uzee, kama ataandikwa.

Kwa hiyo tuzigawe nyonga zetu kwa tatu, kwa heshima ya Gambia. Zinabaki 90 kwa mwaka. Kwa pande mbili za mpaka, ni moja kila siku nne.

Kifundo cha mkono kikivunjika, maisha yanasimama kwa wiki sita, kisha yanaendelea. Hata mwunga mifupa wa kijijini, ambaye wengi humwendea kwanza kwa sababu yuko karibu na hulipwa kwa kuku au kwa awamu, hupata matokeo yanayovumilika kwa baadhi ya mifupa ya mkono. Nyonga ni habari nyingine. Shingo ya fupa la paja imo ndani ya kiungo, damu yake ni kidogo, na ncha zake hazishikani kwa kufungwa mianzi kwa nje. Tiba yake ni chumba cha upasuaji: misumari au sahani ya chuma, au kichwa bandia cha fupa. Shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 mjini Richland, jimbo la Washington, hutoa bure misumari ya mifupa mirefu kwa hospitali za nchi maskini, zikiwamo za Uganda na Kenya, na msumari wake huingizwa bila mashine ya eksirei ya papo kwa papo. Lakini msumari wa bure haumlipi mtu wa ganzi, hauleti damu ya akiba, wala haumtoi mgonjwa Mwello.

Safari yenyewe ina bei. Kutoka vijiji vya Budama hadi hospitali ya serikali ya Tororo, au Mtakatifu Anthony iliyo mjini humo humo, gari la wagonjwa ni bahati. Kilicho hakika ni bodaboda, biashara iliyozaliwa kwa baiskeli papa hapa Busia miaka ya 1960, na mzee mwenye nyonga iliyovunjika hupakiwa katikati, dereva mbele na mwanawe nyuma akimshika asianguke tena. Akihitaji daktari bingwa wa mifupa, ngazi inayofuata kwa upande wa Uganda ni hospitali ya rufaa ya Mbale. Kwa upande wa Kenya ni hospitali ya rufaa ya kaunti iliyopo Busia, kisha Kisumu au Eldoret.

Ada katika vituo vya serikali ya Uganda zilifutwa Machi 2001. Matibabu ni bure, isipokuwa vile ambavyo hospitali haina siku hiyo, na vyuma vya nyonga ni aghalabu miongoni mwa vile ambavyo haina. Upasuaji wa nyonga kwenye hospitali binafsi ni mamilioni ya shilingi. Tuseme milioni 4, tuongeze wiki tatu za mtu wa kuuguza kwa shilingi 5,000 kwa siku, ujira wa leja leja shambani. Jumla ni 4,105,000, sawa na miezi 164 ya SAGE. Mzee aliyeanza kulipwa akiwa na miaka 80 angemaliza kulipia nyonga yake akikaribia 94, bila kula. Dada yake wa Kenya, kwa Inua Jamii, angehitaji miezi 73.

Kenya kuna pia bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko wa SHIF, chini ya mamlaka ya SHA, ulichukua nafasi ya NHIF, na asiyeajiriwa hupimwa kipato na kulipa angalau KSh 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Aliyejiandikisha na kulipia ana mlango wa kugonga. Wengi wamejiandikisha bila kulipia. Uganda haina bima ya afya ya taifa, kwa hiyo mlango wenyewe haujajengwa.

Wasiopasuliwa hufungwa mguu na kuvutwa kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, kati ya wiki sita na kumi na mbili, au hurudishwa nyumbani. Kitandani huko kinachoua si mfupa. Ni vidonda vya kulalia, nimonia, na bonge la damu linalotoka mguuni na kupanda kifuani. Katika nchi ambako karibu kila nyonga hupasuliwa haraka, mtu mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya watatu hufa kabla mwaka haujaisha. Uingereza hujitahidi kumpasua mgonjwa ndani ya saa 36 tangu afike, kwa sababu kila siku ya kusubiri ina mauti yake.

Sasa tumfanyie hesabu mtu aliyekaa kando ya kitanda. Katika wodi zetu muuguzi wa zamu hamgeuzi mgonjwa kila saa mbili. Anayemgeuza, anayempikia, anayefua shuka na kumwaga bakuli ni binti, mkwe au mjukuu aliyeachishwa shule kwa muda. Wiki kumi na mbili ni siku 84. Kwa 5,000 kwa siku, ni shilingi 420,000, karibu miezi 17 ya SAGE. Hizo ni siku za kitanda tu. Mzee asipotembea tena, na wengi wasiopasuliwa hawatembei, uuguzi huendelea, na mwaka mmoja wake ni 1,825,000, miezi 73 ya SAGE. Pesa hii haionekani katika bajeti yoyote kwa sababu hakuna aliyeitoa mfukoni. Imelipwa kwa jembe ambalo halikwenda shamba na kwa kibanda cha mboga kilichofungwa Busia.

Upande wa pili wa mizani uko hivi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023 yalikusanya majaribio ya kuondoa hatari nyumbani kwa wazee, na kukuta kwamba maanguko hupungua kwa asilimia 26, na kwa asilimia 38 kwa wale ambao tayari wako hatarini, kama walioanguka mwaka uliopita. Majaribio mengi ni ya nchi tajiri, penye mazulia, ngazi na mabafu ya kauri. Mwello haina mazulia ya kutosha kumwangusha mtu. Ina choo cha shimo cha kuchuchumaa kisicho na pa kushika, kilicho mbali na nyumba kwa ajili ya usafi. Ina bafu ya nje yenye sakafu ya udongo ulioloa, njia inayogeuka utelezi mvua za Aprili zikianza, na giza. Mzee wa kiume mwenye tezi dume huamka usiku mara kadhaa, na bibi anayetumia dawa ya presha ya kukojoza vilevile, hasa akiimeza jioni. Kuhamishia kidonge hicho asubuhi, kwa ushauri wa aliyekiandika, ni kinga isiyogharimu hata shilingi.

Nguzo mbili za mkaratusi zichimbiwe pande mbili za tundu la choo, boriti ya kushika ipigwe misumari, jiwe tambarare au zege dogo liwekwe penye kuogea, na tochi ndogo ya sola itundikwe mlangoni. Tuseme 30,000 pamoja na fundi, mwezi mmoja wa SAGE na kidogo juu, kwa sharti kwamba hilo zege liombwe kwenye mabaki ya mjenzi jirani, kwa sababu mfuko mzima wa simenti, hata iliyotengenezwa Tororo yenyewe, hauingii katika hela ya mwezi mmoja. Mchwa wa Budama wataila nguzo baada ya miaka michache, kwa hiyo hii ni gharama inayorudi.

Je, inalipa? Tumchukue mzee aliyekwisha kuanguka, tukadirie kwamba ataanguka mara moja kila mwaka. Hatari ya nyonga ni asilimia 1. Kwa familia ambayo ingelipia upasuaji, asilimia 1 ya 4,105,000 ni 41,050, na tukiipunguza hatari hiyo kwa asilimia 38 tumeokoa kama 15,600 kwa mwaka. Nguzo za 30,000 zinajilipa kabla ya miaka miwili, kwa nyonga peke yake. Nakubali kwamba ushahidi wa kupunguza maanguko una nguvu kuliko ule wa kupunguza mivunjiko, na kwamba hapa nimechukulia viwili hivyo vinakwenda pamoja.

Kisha fanya hesabu hiyo hiyo kwa familia ambayo haitapasua. Gharama yake ni siku 84 za kuuguza, 420,000. Asilimia 1 yake, punguza kwa 38, unaokoa 1,600 kwa mwaka. Nguzo sasa zinajilipa baada ya miaka 19, mchwa wakiwa wamekwisha kuzila mara kadhaa. Hata ukihesabu mwaka mzima wa uuguzi, ni zaidi ya miaka minne.

Nataka tusimame hapa kidogo, maana ndipo hesabu za gharama zinapotudanganya bila kusema uongo. Mzee yule yule, choo kile kile, nguzo zile zile. Kilichobadilika ni kwamba wa pili hatatibiwa. Pale ambapo tiba haipo, mgonjwa ni wa bei rahisi, na kinga yake huonekana anasa. Kwa mtindo huo huo wizara ya fedha haioni faida ya kuzuia nyonga za Budama, kwa sababu haijawahi kuzilipia. Uingereza huhesabu mabilioni ya pauni kwa nyonga na hivyo hupata sababu ya kugharimia vyuma vya kushika bafuni. Anayefaidika na nguzo ya choo Mwello ni mjukuu ambaye angeacha shule, na mjukuu huyo hana fungu la bajeti. Aliye na fungu hapotezi chochote bibi akianguka.

Yako mengine yenye namba nzuri. Mapitio ya Cochrane ya 2019, yenye majaribio 108 na washiriki zaidi ya 23,000, yalikuta kwamba mazoezi hupunguza maanguko kwa asilimia 23. Yanayofaa zaidi ni ya uwiano wa mwili na nguvu za miguu: kusimama kutoka kitini bila kutumia mikono, kusimama kwa mguu mmoja huku meza iko karibu, kutembea kisigino mbele ya kidole. Mpango wa Otago wa New Zealand, unaofanywa nyumbani mara tatu kwa wiki, ulipunguza maanguko kwa asilimia 35 katika majaribio manne yenye wazee 1,016. Mzee anayelima na kuchuchumaa kila siku tayari anafanya sehemu ya kazi hiyo. Hatari humwanzia pale watoto wa mjini wanapomjengea nyumba ya bati, kumnunulia kiti cha plastiki na kumwambia, kwa upendo mwingi, mama pumzika sasa.

Jicho ndilo linalonivutia zaidi kwa upande huu. Mwaka 2005 watafiti wa Nottingham walichapisha jaribio la akina mama 306 waliopita miaka 70 wenye mtoto wa jicho. Waliopasuliwa mapema jicho la kwanza walianguka kwa asilimia 34 pungufu kuliko waliobaki kwenye foleni, na katika mwaka huo waliovunjika mfupa walikuwa 4 dhidi ya 12. Jaribio ni dogo, lakini hapa kinga ilionekana hadi kwenye mfupa wenyewe. Na Tororo ina hospitali ya macho ya Wabenedikto. Wa Busia ya Kenya wana Sabatia, kaunti ya Vihiga. Familia huona mtoto wa jicho kama jambo la kusubiri, kwa kuwa bibi bado anaona mwanga. Nyonga yake haisubiri.

Vidonge vya vitamini D, vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa ya mpakani kwa ahadi ya mifupa ya chuma, havina namba za kuvitetea kwa mtu asiye na upungufu. Jaribio la VITAL la Marekani liliwafuata watu 25,871, na matokeo yake ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba havikupunguza mivunjiko. Pesa hiyo ni afadhali iende kwenye nguzo. Diazepamu ya usingizi, inayouzwa bila cheti, ni mbaya zaidi: humwangusha mzee anapoamka usiku.

Na lipo kundi ambalo halikuwapo miaka 25 iliyopita. Tororo ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kupeleka dawa za kupunguza makali ya VVU hadi nyumbani, na walioanza wakiwa na miaka 40 wanakaribia au wamepita 60. Tenofovir, iliyomo katika kidonge kinachotumiwa na wengi, hupunguza kiasi fulani madini ya mifupa. Hakuna hata mmoja anayepaswa kuiacha kwa sababu hiyo. Lakini mhudumu anayewapima wingi wa virusi angeweza kuwauliza swali moja la nyongeza: umeanguka mwaka huu?

Swali hilo, pamoja na mengine mawili, je, unayumba unaposimama au kutembea, na je, unaogopa kuanguka, ndiyo uchunguzi wa kwanza unaopendekezwa na mwongozo wa dunia wa mwaka 2022. Akijibu ndiyo, apimwe: akae kwenye kiti, asimame, atembee mita tatu, ageuke, arudi, aketi. Simu yoyote ina saa. Sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari.

Nani amuulize? Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walioingizwa kazini Septemba 2023 wakiwa na mkoba wenye kipima presha na kipima sukari, na posho ya KSh 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Wanaingia nyumba kwa nyumba, na maswali matatu hayaongezi uzito mkobani. Uganda ina timu za afya za vijiji, VHT, za kujitolea, na kazi yao kuu ya tiba ni malaria, nimonia na kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo mhudumu wa VHT hufika nyumba ile ile ambamo bibi anachechemea, akampima mtoto, akaondoka.

Pesa, kwa kweli, ipo katika parishi, ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji. Mpango wa Parish Development Model, uliozinduliwa Februari 2022, hupeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parishi kati ya 10,594 za Uganda, na asilimia 10 imetengwa kwa wazee. Gawanya watu milioni 45.9 kwa parishi hizo: kila moja ina watu 4,300 hivi, wazee 217, na walioanguka mwaka huu 65. Nguzo na tochi kwa nyumba zote 65, kwa 30,000 kila moja, ni 1,950,000, chini ya moja ya tano ya fungu la wazee la milioni 10. Tatizo ni masharti: pesa ya PDM ni mkopo wa mradi, hadi milioni moja kwa kaya, na sharti irudi na riba. Mzee anaweza kuikopa kwa kuku. Kwa choo haikopeki, kwa kuwa choo hakitagi.

Inabaki michango ya kijiji, kanisa, chama cha akina mama, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anayejua ni nyumba zipi. Kazi yenyewe ni ndogo kuliko inavyosikika. Fundi mmoja akimaliza vyoo vitatu kwa siku, parishi nzima inamchukua siku 22.